Besi Ipungue Kwanza: Maoni Kuhusu Sabufa za Majumbani

Tunapochukua historia ya mgonjwa mwenye tatizo la usikivu, humuuliza kuhusu kazi yake, dawa alizowahi kutumia, maradhi aliyougua utotoni na, siku hizi, vipokeasauti anavyovaa masikioni. Ni nadra kumuuliza kama nyumbani kwake kuna sabufa na, ikiwa ipo, besi ameiweka wapi. Kifaa hicho kimekuwa sehemu ya sebule kiasi kwamba hakionekani tena, kama kabati la vyombo au pazia la dirishani. Naamini swali hilo linastahili kuulizwa. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza pia namna sabufa inavyopaswa kurekebishwa, kwa kuwa daktari anayekataza bila kuelekeza hufanya nusu ya kazi.

Ushauri wetu wa kawaida ni mfupi: punguza sauti. Si ushauri mbaya, lakini haufuatwi, na sababu ya kutofuatwa kwake tumeipuuza. Mtu aliyepandisha sauti mara nyingi hakufanya hivyo kwa ukaidi. Alipandisha kwa sababu maneno hayakuwa yakimfikia, na hayakumfikia kwa sababu besi ilikuwa imeyafunika. Ukimwambia apunguze sauti bila kugusa besi, umemwambia akubali kutoelewa taarifa ya habari. Atapunguza ukiwa mbele yake, na atapandisha ukiondoka. Ndiyo maana nasema besi ipungue kwanza; sauti itashuka yenyewe baadaye.

Sabufa, kwa maana yake ya asili, ni spika iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti nzito peke yake. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kipimo cha mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi. Sabufa hushughulikia sehemu ya chini kabisa, kati ya hezi 20 na 120 hivi: ngoma, gitaa la besi, mingurumo ya filamu. Katika maduka yetu, hata hivyo, neno hili limepanuka likawa na maana ya seti nzima, yaani boksi kubwa linalokaa sakafuni pamoja na spika zake ndogo mbili, nne au tano. Tofauti hii si ya maneno tu. Spika ndogo za seti ya bei nafuu haziwezi kutoa sauti nzito, hivyo boksi hulazimika kupanda hadi hezi 150 au 200 ili kuziba pengo. Mwanamume anapozungumza, mtetemo wa msingi wa sauti yake huwa katika eneo hilohilo, mara nyingi kati ya hezi 85 na 155. Matokeo yake msomaji wa taarifa ya habari huongea kutoka sakafuni, kwa sauti ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa.

Kinachotokea ndani ya sikio kinaeleza mengine yote. Koklea ni mrija uliojikunja mithili ya gamba la konokono, na mwaka 1961 Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi mawimbi ya sauti yanavyosafiri ndani yake. Sauti nyembamba hutua mapema, karibu na mlango. Sauti nzito huendelea na safari mpaka kwenye ncha. Maana yake ni kwamba sauti nzito, ili ifike kwake, hupita katika makazi ya sauti nyembamba, na ikiwa na nguvu nyingi huyatikisa makazi hayo inapopita. Kwa sababu hiyo besi kubwa hufunika sauti nyembamba, ilhali sauti nyembamba haiwezi kuifunika besi kwa kiasi kama hicho. Wegel na Lane walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1924, kwa hiyo si habari mpya. Kilicho kipya ni kwamba kifaa cha kulitenda kila jioni kinauzwa katika kila mtaa.

Sasa tukitazame Kiswahili chetu. Nguvu ya sauti imo katika irabu, lakini maana hubebwa kwa kiasi kikubwa na konsonanti hafifu kama s, f, t, k, p na sh. Saa, taa, kaa, paa na faa hutofautiana kwa sauti moja tu ya mwanzo, inayodumu kwa sehemu ndogo ya sekunde na yenye nguvu ndogo mno. Ikifunikwa, msikilizaji hubaki na irabu tupu. Anasikia kwamba mtu anaongea, hajui anasema nini. Hapo mkono huenda kwenye rimoti.

Gharama ya kununua maneno kwa rimoti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wameweka kwa mtu mzima kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya vifaa vya kusikilizia vya mtu binafsi, lakini sikio halibagui chanzo. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hukata muda huo nusu: desibeli 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa 5. Mtu aliyepandisha sauti kwa desibeli 9 ili aelewe mazungumzo ya filamu amepoteza saa 35 kati ya 40 alizokuwa nazo, na desibeli 9 si nyingi. Ni kubonyeza rimoti mara chache tu. Kwa watoto kiwango kinachopendekezwa ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa hizohizo 40, na watoto ndio hukaa sakafuni, mbele ya boksi.

Niseme wazi kwamba besi yenyewe si mharibifu mkuu wa seli za kusikia. Madhara ya kelele huanza mara nyingi kati ya hezi 3,000 na 6,000, na katika karatasi ya kipimo cha usikivu tunaona bonde karibu na hezi 4,000. Besi hufanya kazi ya dalali: yeye hachukui mali, humleta anayeichukua. Sauti nzima inapopandishwa ili kuishinda besi, milio mikali ya katikati na ya juu hupanda pamoja nayo, na hiyo ndiyo huharibu. Seli zenye vinyweleo, ambazo ni takriban 15,000 katika kila sikio, hazioti tena kwa binadamu zikishakufa.

Kundi linaloumia zaidi kwa mpangilio mbaya wa sabufa ni wazee. Usikivu wa uzeeni hupotea kuanzia sauti nyembamba, huku sauti nzito zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Mzee anayesema, “Sauti naisikia, maneno siyapati,” anatueleza hali yake kwa usahihi unaokaribia ule wa mashine zetu. Ukimweka mbele ya seti yenye besi kubwa, umemfunikia kile kidogo alichobakiwa nacho. Familia humwona mkaidi kwa kuwa anapandisha sauti ya televisheni, au humwona hajali kwa kuwa anajibu visivyo. Wapo wanaomnunulia seti kubwa zaidi wakidhani kinachokosekana ni nguvu. Baada ya muda mzee huacha kuuliza, huacha kucheka wenzake wanapocheka, na hatimaye huenda kukaa barazani peke yake. Kwa nyumba yenye mzee wa namna hiyo ushauri wangu ni huu: besi ishushwe karibu na sifuri, trebo, yaani sauti nyembamba, ipandishwe kidogo kupita katikati, na spika ndogo mojawapo isogezwe karibu na kiti chake. Hatua hizo haziondoi haja ya kupimwa, lakini zinaweza kufanyika leo jioni bila kununua chochote.

Kwa nini basi watu hupandisha besi tangu mwanzo? Sababu mojawapo ni ya kimaumbile na haimlaumu mtu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Laboratories nchini Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kusikia sauti za chini wakati kiwango ni kidogo. Muziki ukichezwa kwa sauti ya chini, besi huonekana kutoweka. Msikilizaji wa usiku huiongeza ili muziki upate mwili, na kwa kiwango kile cha usiku amefanya sawa. Kesho yake mchana anapandisha sauti ya jumla, besi inabaki pale alipoiacha usiku, na sasa imezidi. Wengi hawaigusi tena. Kitufe cha besi huzungushwa siku ya kununua, dukani, mbele ya muuzaji anayetaka kuonyesha nguvu ya bidhaa yake, kisha husahaulika kwa miaka.

Tuingie katika marekebisho yenyewe. Jambo la kwanza ni mahali pa kuweka boksi, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Sabufa inapowekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huirudishia sauti yake na kuiongezea nguvu kwa desibeli kadhaa. Watu hupenda kona kwa sababu inatoa nafasi ya kupita, lakini kona hutoa besi nyingi isiyo safi. Chumba nacho kina mvumo wake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma chenyewe karibu na hezi 42, na cha mita 3 karibu na hezi 57. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina tabia mbaya kuliko cha mita 3 kwa 4, kwa kuwa pande zote mbili huitikia mtetemo uleule. Pigo moja la ngoma hunguruma kupita kiasi, lingine halisikiki kabisa, na mwenye nyumba hulaumu wimbo.

Ipo njia ya zamani ya kutafuta mahali pazuri, na haihitaji kifaa. Weka sabufa pale unapokaa kusikiliza. Cheza wimbo ambao gitaa lake la besi linapanda na kushuka, kisha wewe utambae pembezoni mwa chumba, sikio likiwa karibu na usawa wa boksi. Mahali ambapo mapigo yote yanasikika kwa nguvu inayokaribiana, bila moja kunguruma, ndipo pa kuiweka. Watoto watakucheka, wacha wacheke. Kuiondoa tu kwenye kona na kuisogeza hatua moja au mbili kando ya ukuta mara nyingi huleta nafuu.

Baada ya hapo, zima vitufe vyote vya kukuza besi, shusha besi hadi sifuri, na trebo iwe katikati. Usianze na muziki. Fungua redio au televisheni penye mtu anayezungumza peke yake: taarifa ya habari, mawaidha, mahubiri, mhadhara. Panga sauti ya jumla mpaka uyapate maneno yote ukiwa kwenye kiti chako, na mtu aliye umbali wa mkono mmoja aweze kusema nawe bila kupaza sauti. Kiwango hicho ndicho chako, usikiguse tena. Sasa weka muziki na upandishe besi kidogo kidogo mpaka ngoma ipate uzito, kisha urudi kwenye mazungumzo. Sauti ya msemaji ikiwa imenenepa, besi imezidi. Irudishe nyuma mpaka msemaji awe mtu tena.

Wenye mifumo ya gharama zaidi watakuta kitufe cha krosova, yaani mpaka ambapo sabufa huziachia spika nyingine kazi. Hezi 80 ni mahali pazuri pa kuanzia. Chini ya hapo sikio halitambui kwa urahisi sauti inatoka upande gani, kwa hiyo kipimo chake ni rahisi: fumba macho, na ukiweza kuinyooshea sabufa kidole, ama mpaka uko juu mno au nguvu imezidi. Ikiwa mpaka umekwisha kuwekwa kwenye amplifaya, kitufe cha kwenye sabufa kiachwe mwisho wa juu ili sauti isichujwe mara mbili. Swichi ya fezi yenye alama 0 na 180 huwatia watu hofu bila sababu. Jaribu kote kuwili ukiwa umekaa kitini, chagua upande ambao besi inasikika zaidi, halafu punguza nguvu ya sabufa. Umepata besi ileile kwa nguvu ndogo zaidi.

Sitadumu sana kwenye mazulia na mapazia mazito ambayo mafundi hupendekeza. Hunyonya sauti nyembamba na kuiacha besi kama ilivyo, hivyo huweza kuharibu uwiano badala ya kuutengeneza. Kipande cha godoro chini ya boksi hupunguza mtetemo unaoingia sakafuni, na ni kitu chema kwa nyumba ya ghorofa, mradi kisizibe tundu la hewa la sabufa. Lakini hakizuii sauti inayosafiri hewani.

Na inayosafiri hewani ndiyo humfikia jirani. Ukuta huzuia sauti nyembamba vizuri kuliko nzito: kwa kanuni ya jumla, kila mtetemo unaposhuka nusu, ukuta hupoteza karibu desibeli 6 za uwezo wake wa kuzuia. Katika nyumba zetu za kupanga zenye korido katikati, ambako kuta nyingi haziifikii paa na dari ni moja kwa vyumba vyote, jirani hapokei wimbo. Hupokea besi peke yake, bila maneno wala ala nyingine, usiku kucha. Huenda jirani huyo ni muuguzi aliyetoka zamu, au mama mwenye kichanga, au mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye tumemwambia kliniki alale vya kutosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele za kijamii, lilipendekeza desibeli 30 chumbani kwa ajili ya usingizi, na likatahadharisha kwamba sauti nzito huweza kusumbua hata chini ya kiwango hicho.

Hapa kuna jambo ambalo jirani na mwenye sabufa wote wangefaidika kulijua. Sauti ya chini huhitaji nguvu nyingi ili isikike kabisa, karibu desibeli 37 kwa hezi 63, lakini ikishavuka kizingiti hicho ukali wake hupanda haraka kuliko wa sauti za kawaida. Hatua kati ya kutosikika na kukera ni fupi. Kwa hiyo zungusho dogo la kitufe linaweza kumkosesha jirani usingizi, na zungusho dogo vilevile la kurudi nyuma linaweza kumpa usingizi wake wote. Anayekwenda kugonga mlango aombe besi ipunguzwe, asiombe muziki uzimwe. Ombi la kwanza hukubalika kwa urahisi zaidi, na kitabibu ndilo lenye maana.

Tanzania inazo Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Maafisa afya wanaokwenda kupima wanapaswa kufahamu udhaifu wa kipimo wanachokitumia. Desibeli za alama A, ambazo mashine nyingi na programu za simu huonyesha, hupunguza kwa makusudi sauti nzito ili kuiga sikio: kwa hezi 63 hutolewa takriban desibeli 26. Besi ya desibeli 70 chumbani kwa mlalamikaji itasomeka kama 44, na mlalamikaji ataonekana mzushi. Mashine yenye alama C haikati besi kwa namna hiyo. Pima kwa zote mbili; pengo likikaribia au kuzidi desibeli 20, malalamiko yanahusu besi. Simu ya mkononi isitumike kwa kazi hii, kwa kuwa kinasasauti chake mara nyingi hakinasi vizuri sauti za chini.

Wapo wanaosema mitaani kwamba besi husimamisha moyo. Sioni msingi wa kuwatisha watu kwa maneno hayo katika viwango vya sebuleni. Njia ninayoihofia ni ya polepole na haina mshindo: usingizi unaokatika kila usiku. Mwili hupokea kelele hata mtu asipoamka, mapigo ya moyo hupanda, na asubuhi shinikizo la damu lililokuwa linadhibitiwa halidhibitiki. Kabla ya kuongeza dozi, inafaa kuuliza mgonjwa analala wapi na anasikia nini usiku.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya, maswali matatu yanatosha, na hayazidi dakika moja: sabufa iko chumba gani, nani hukaa karibu nayo, na je, maneno ya habari hueleweka bila kupandisha sauti? Akijibu kwamba hayaeleweki, mwelekeze ashushe besi kama nilivyoeleza na arudi baada ya wiki mbili. Asipopata nafuu, apimwe usikivu, kwa kuwa sasa tatizo haliko tena kwenye seti. Apelekwe moja kwa moja, bila kusubiri wiki hizo, mwenye mvumo masikioni usiokoma, mtoto anayechelewa kusema, na yeyote ambaye usikivu wa sikio moja umepotea ghafla ndani ya siku tatu. Huyu wa mwisho ni wa dharura, hata kama yeye mwenyewe anasema ni nta tu.